Condy Yupi?

Kwetu Glenafada, ukisimama nje ya kanisa baada ya misa ukaita "Boyle!", watu mia mbili watageuka na wewe ndiye utakayeona haya. Ndiyo maana hakuna anayeita hivyo. Jina la ukoo ni mali ya serikali, la vyeti, la kodi na la hakimu. Sisi kwa sisi tuna majina ya nyumba. Kuna Boyle wa Kinu, Boyle wa Paa, na Boyle wa Mjane, ingawa mjane mwenyewe alikufa kabla babu yangu hajazaliwa.

Mimi ni Attracta wa Sabuni. Wakati wa vita bahari ilitupa sanduku ufukweni, babu yangu akalifungua, akaona vipande vya manjano, akadhani ni jibini. Alikula kimoja na nusu kabla bibi hajamnyang'anya. Wanasema alitoa povu hadi Jumapili. Tangu siku hiyo sisi ni wa Sabuni, na wajukuu wangu walioko Boston ni wa Sabuni pia, watake wasitake.

Halafu kuna wa Bata. Babu wa babu yao aliiba bata bukini wa msimamizi wa mwenye ardhi, mkesha wa Krismasi, akamficha ndani ya koti. Kwa kuwa alikuwa mcha Mungu, hakutaka kukosa misa. Padri alipoinua hostia, kanisa zima kimya, watu wamepiga magoti, bata akapaza sauti. Padri yule amekufa, msimamizi amekufa, bata naye hakuuona mwaka mpya, lakini jina bado lipo.

Condy wa Bata, ambaye sote tulimwita Condy Bata, alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua, na nasema hivyo nikiwa nimemzika mume. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani, na jirani wa kwanza kufika na sepetu alikuwa yeye. Miaka hamsini hakukosa msiba hata mmoja. Alichimba, alibeba jeneza, alikaa na wafiwa mpaka mwisho, akasimulia visa vya marehemu hadi mjane acheke. Kwake yeye mwenyewe aliomba jambo moja tu, tena aliliomba kila mara akishika kikombe cha chai msibani: "Nikifa mimi, nataka nyumba ijae hadi mlango ushindwe kufungika."

Novemba ile binti yake Ethna alikuja kumchukua akaenda kukaa naye Dublin kwa sababu ya kifua. Ethna ni mtoto wake wa pekee, rika langu, tulisoma darasa moja. Ana kazi nzuri huko, kwenye ofisi ya kuandika vyeti vya watu. Februari, Jumatano moja saa kumi na mbili asubuhi, akanipigia simu.

"Attracta, Baba ametutoka juzi. Nakuja naye leo. Ufunguo uko chini ya jiwe. Naomba unitayarishie nyumba."

Nililia pale pale kwenye simu. Kisha nikauliza, "Niwaambie watu?"

"Usijisumbue," akasema. "Tangazo nimeshapeleka redioni."

Nami nikatulia, maana kwetu tangazo la vifo la saa saba mchana likishasomwa, hakuna asiyejua. Watu wanaacha supu ipoe wakilisikiliza. Nikachukua mikate sita, nyama ya nguruwe, siagi na sufuria yangu kubwa, nikaenda nyumbani kwa Condy, mwisho kabisa wa barabara, ng'ambo ya kinamasi. Njiani sikukutana na mtu ila kondoo wa Hughie wa Paa. Simu ya Condy ilikuwa imekatwa tangu aondoke. Nikawasha moto, nikafagia, nikafunika kioo kwa shuka na kusimamisha saa ya ukutani, kama ifanywavyo kwetu penye maiti, nikaanza kupaka siagi.

Saa saba nikafungua redio. Mtangazaji akasoma majina ya kaunti nzima kwa ile sauti yao ya pole, na katikati akasema: "Cornelius O'Boyle, wa Glenafada. Mwili utakuwa nyumbani kwake kuanzia saa kumi jioni leo. Anaombolezwa na familia na majirani."

Nikaweka kisu chini. "Maskini Mwalimu Cornelius!" nikasema peke yangu. "Wiki moja na Condy!"

Na msinicheke. Glenafada nzima ina mtu mmoja tu anayeitwa Cornelius kutoka mwanzo wa jina hadi mwisho, naye ni Mwalimu Cornelius, mwalimu mkuu mstaafu, aliyetuchapa sote. Na mwenye O' mbele ya jina ni yeye tu. Ameipigilia langoni kwa shaba na kuisugua kila Jumamosi. Kifo cha Mwalimu kikaniuma kidogo, kwa kadiri kinavyoweza kumuuma mtu ambaye bado anakumbuka fimbo yake, nikaendelea kumsikilizia Condy. Tangazo la Condy halikuja.

Gari la maiti lilifika saa tisa. Nyuma yake alikuwa Ethna ndani ya gari lake dogo, amevaa koti jeusi la mjini. Bwana Tuohy, dereva wa gari la maiti, mtu wa Dublin mnene mpole, alisaidiana nasi kumwingiza Condy sebuleni, akafungua kifuniko. Condy alikuwa na shati jeupe na tai. Sikuwahi kumwona na tai, alionekana kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Ethna, pole sana mwenzangu," nikamwambia. "Lakini redio wamekuangusha. Hawakumsoma baba yako. Wamesoma ya Mwalimu tu."

"Mwalimu gani?"

"Mwalimu Cornelius. Amekufa naye."

Ethna akanitazama. "Cornelius O'Boyle wa Glenafada," akasema taratibu. "Huyo ni Baba, Attracta."

Nikakaa kitini. Condy ni Cornelius, kweli, kila Condy ni Cornelius kwenye kitabu cha ubatizo. Lakini nani anasoma kitabu cha ubatizo? Ni kama kumwita ng'ombe kwa jina lake la Kilatini.

"Ethna," nikasema, "kwa nini hukuwaambia Condy Bata?"

Wekundu ukampanda shingoni. "Kwa sababu hilo si jina lake."

"Ni lipi basi?"

"Lile nililowapa. Makarani wa Kiingereza waliwavua babu zetu ile O' kama mtu anavyovuliwa kofia. Mimi nimeirudisha. Ndilo jina sahihi."

"Umeirudisha Dublin. Huku haijafika."

"O' maana yake ni mjukuu wa, Attracta. Mjukuu wa Boyle. Ni jina la heshima."

"Bibi wewe, sote hapa ni wajukuu wa Boyle! Swali ni Boyle yupi."

Ethna akanipa mgongo. Akaenda kuipanga vizuri tai ya baba yake, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Saa kumi ikafika. Vikombe arobaini mezani, sandwichi zimefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, kiti cha mfiwa kando ya jeneza. Hakuna mtu. Saa kumi na nusu, hakuna mtu. Bwana Tuohy akauliza kwa adabu kama anaweza kuonja sandwichi moja, nikamwambia ale, maana mkate unakauka.

"Wacha niende nyumba kwa nyumba," nikamwambia Ethna. "Robo saa tu."

"Utawaambia nani amekufa?"

"Condy Bata. Nitasemaje vingine?"

"Basi usiende."

"Ethna!"

"Nimesema usiende!" Sauti yake ikakatika. "Miaka yote ya shule, Attracta. Mwalimu akisoma jina langu, darasa zima linalia kama bata. Komunyo yangu ya kwanza, nimevaa nguo nyeupe, wanalia kama bata. Nina miaka ishirini, niko kwenye dansi, kijana mzuri kutoka Derry ananiuliza naitwa nani, namwambia Ethna Boyle, na nyuma yangu mtu analia kama bata. Nilipanda basi wiki ileile. Leo baba yangu amelala hapa. Siku moja, siku moja tu, nataka atajwe kama binadamu."

Sikwenda. Nilikuwa na sababu yangu ya kutobishana, mtaijua.

Saa kumi na moja Ethna alikuwa amesimama dirishani. Giza lilikuwa linaanza kuingia, mvua nyembamba inanyesha, na ng'ambo ya kinamasi taa za magari zilikuwa zinapanda kilima moja nyuma ya nyingine. Nilihesabu kumi na tisa nikaacha. Zote zilikuwa zinaelekea kwa Mwalimu.

Hapo ndipo hasira ilinipanda, na mimi nikipandwa sina breki. "Waangalie," nikasema. "Nelly wa Kinu yumo mle. Condy alimchimbia mume wake kaburi kwenye barafu, siku mbili, kwa sururu. Hughie wa Paa yumo. Condy alibeba jeneza la mama yake begani kutoka kisiwani. Wote wale wangekuwa hapa wamebanana wasipate pa kuweka kikombe, ndicho kitu pekee alichokitaka mtu huyu duniani, na wewe umewapeleka kwa Mwalimu! Mficha maradhi kilio humuumbua, Ethna. Leo umeumbuka, na baba yako ndiye anayelipia."

Ethna hakugeuka. Akachukua funguo za gari.

"Maiti haiachwi peke yake," nikamkumbusha. "Mmoja wetu abaki."

Tukamtazama Bwana Tuohy. Bwana Tuohy akatazama sandwichi. "Nendeni tu, kina mama," akasema. "Mimi na mzee tutaelewana."

Tukaondoka na gari lake hadi darajani. Nikaona kama sitasema sasa sitasema tena.

"Ethna. Ile siku ya dansi. Aliyelia kama bata nilikuwa mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Attracta, sauti yako hiyo moja tu duniani. Kijana wa Derry aliruka."

"Nilikuwa namtaka yeye," nikasema. Na ilikuwa kweli, Mungu anisamehe, alikuwa na meno mazuri. "Nisamehe. Miaka thelathini na tano nimelibeba hili."

"Mimi pia," akasema Ethna, akabadilisha gia kwa nguvu isiyohitajika.

Tulifika langoni kwa Mwalimu pamoja na basi la kutoka Letterkenny. Mlango wa basi ukafunguka, akashuka mtu mrefu mwembamba mwenye kofia na mwavuli. Ethna akakanyaga breki. Mimi nikajipiga ishara ya msalaba, maana kujua kwamba mtu yuko hai ni jambo moja, na kumwona akishuka basini siku ya msiba wake ni jambo jingine.

Nilikuwa nimesahau. Kila Jumatano Mwalimu huenda Letterkenny kunyolewa nywele ambazo hana. Nelly wa Kinu alimwona asubuhi akipanda basi, kumbe, na tangazo liliposomwa akawaambia watu: "Alikuwa anakwenda zake hospitali, hakutaka kusumbua mtu. Akafa kabla ya chakula cha mchana. Hata kufa kafa kwa ratiba." Nyumba haina kufuli, basi watu wakaingia, wakawasha moto, wakafunika vioo, wakakaa kumngoja marehemu aletwe.

Mwalimu alisimama getini akayatazama magari. Akazitazama taa za nyumba yake, zote zinawaka. "Attracta wa Sabuni," akaniambia, "kuna nini nyumbani kwangu?"

"Msiba, Mwalimu," nikasema.

"Wa nani?"

"Wako, kwa kiasi fulani."

Akaingia, sisi tukamfuata. Watu walijaa kuanzia ukumbini hadi jikoni, wamepiga magoti, wametupa visogo, na Hughie wa Paa anaongoza rozari. Mwalimu alivua kofia, akasimama mlangoni kama aliyechelewa misa. Akasikia fungu zima. Mwishoni Hughie akasema, "Na tumwombee ndugu yetu Cornelius, aliyetufundisha kusoma na kuandika. Bwana amsamehe ile fimbo."

"Amsamehe ile fimbo," watu wakaitikia kwa moyo mmoja. Hakuna sala iliyowahi kuitikiwa vizuri hivyo Glenafada.

"Na ile rula," akaongeza mtu kutoka jikoni.

Mwalimu akatazama ukutani. "Nani," akauliza, "amesimamisha saa yangu?"

Sijui niwaelezeje. Nelly wa Kinu alipiga yowe akaangukia sinia la keki. Padri Loughlin, ambaye ana miezi mitatu tu kwetu na hajui mtu, aliinua mikono kama anayesimamisha gari. Lakini wengine wote, watu wazima, wenye wajukuu, wenye trekta, waliinuka na kusimama wima mikono nyuma, macho chini. Na Hughie wa Paa, mwenye miaka sitini na miwili, akanyoosha kidole juu.

"Mimi, Mwalimu."

"Iwashe."

Hughie akaenda kuiwasha. Saa ikaanza tena kusema tik, tik, na kila mtu akawa anaisikiliza.

Padri ndiye aliyepata akili kwanza. "Kama Bwana O'Boyle yuko hai," akasema, "basi aliyekufa ni nani?"

Nikamsukuma Ethna mgongoni kidogo. Watu wakamtazama. Wengi hawakumtambua, alikuwa hajakanyaga kanisani kwetu tangu ujana, na hilo koti la mjini ndilo walilokuwa wanaliona.

"Ni baba yangu," akasema. "Cornelius O'Boyle."

"Lakini Cornelius ni huyu," akasema Hughie, akamwonyesha Mwalimu, ambaye hakuwa na la kupinga.

"Condy," akasema Ethna. "Mlimwita Condy."

"Condy yupi?"

Loo. Hapo ndipo nyumba ilipolipuka, maana tuna Condy kumi na mmoja. "Condy wa Mjane? Nimemwona saa nne anakamua!" "Condy Mrefu?" "Condy wa Sabuni je, yuko wapi?" Huyo ni binamu yangu, yuko kwenye meli. Nelly wa Kinu, keki kifuani, akashika kichwa: "Kaka yangu! Condy wangu! Alikuwa anakohoa jana!" Akaanza kulia kilio chenyewe, dada yake akamdaka, na mke wa Condy Mrefu, ambaye mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kondoo, akawa mweupe kama ukuta, akatafuta pa kukaa asipate.

Nilimtazama Ethna. Alikuwa ana miaka hamsini na mitano, na mbele yake walikuwa wamesimama darasa lake zima, pamoja na mwalimu. Walikuwa wanasubiri aseme jina.

"Bata," akasema, kwa sauti ya chini.

"Nani?" Nelly alikuwa analia kwa nguvu mno, Ethna hakusikika.

"Bata!" akapiga kelele. "Condy Bata! Baba yangu ni Condy Bata!"

Nilingoja. Najua watu wangu, na nilikuwa nimekunja ngumi mfukoni kwa ajili ya wa kwanza atakayefungua mdomo kulia kama bata. Hakuna aliyefungua. Nelly alinyamaza katikati ya kwikwi. Kofia ya Hughie ilimponyoka mkononi.

"Condy Bata amekufa?" akasema Hughie. Na yule mtu mzima akafunika uso, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha nikasikia kilio kikitoka jikoni, na kingine ukumbini, na Nelly akaanza upya, sasa kwa mtu aliyestahili. Kwa Mwalimu walikuwa wamekuja kwa heshima. Hiki hakikuwa cha heshima, walikuwa wanalia kwa sababu kimewauma.

"Yuko wapi?" akauliza mke wa Condy Mrefu.

"Nyumbani kwake," nikasema. "Peke yake na mtu wa Dublin."

Hamjawahi kuona nyumba ikimwagika vile. Walibeba kila walicholeta: keki, birika, viti, chupa mbili za wiski. Mtu alibeba hata keki ambayo ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe tangu Jumapili.

Bwana Tuohy tulimkuta ameketi kando ya jeneza, anamsimulia Condy mambo ya mkewe, na sinia moja la sandwichi limekwisha. Ndani ya nusu saa nyumba ilijaa. Watu walikaa ngazini, waliegemea kabati, walisimama uani chini ya mvua wakipokezana kuingia. Mlango haukufungika. Nilikwenda mwenyewe kuujaribu, nikausukuma, ukagoma kwenye mgongo wa Hughie, nikalia kidogo pale nyuma yake mahali ambapo hapana mtu wa kuniona.

Na visa vikaanza. Condy Bata na jeneza lililokuwa fupi. Condy Bata na fahali wa padri. Kila kisa kilikuwa na Bata, na kila mara nilimtazama Ethna kitini pake, na kila mara alikuwa ameinua kichwa zaidi kuliko mara iliyotangulia. Mwalimu alifika mwisho, baada ya kusafisha jikoni kwake. Akasimama mbele ya jeneza na kofia mkononi.

"Cornelius," akamwambia Condy. "Kumbe wewe ni somo yangu, tuna jina moja, nami sikujua." Akaigeuza kofia. "Wewe umejaza nyumba mbili kwa siku moja, somo yangu. Mimi nimeisikia sala ya mazishi yangu, na nitaifikiria." Kisha akamgeukia Ethna. "Binti, wale waliokuwa wakilia kama bata darasani kwangu, niliwasikia. Nilikuwa na fimbo na sikuitumia mahali pake. Nisamehe."

Ethna akampa mkono. Halafu akasimama, na watu wakanyamaza, maana mfiwa akisimama ana neno.

"Hospitali," akasema, "ubao wa kitanda chake uliandikwa Cornelius O'Boyle. Niliuandikisha mimi. Wauguzi walikuwa wanamwita, 'Bwana O'Boyle! Bwana O'Boyle!' Siku tatu hakuitika. Wakaandika kwenye faili kwamba ni kiziwi."

Nyumba ikaangua kicheko. Condy Bata kiziwi! Mtu aliyesikia msiba kutoka kaunti ya pili! Hughie alijipiga paja. Ethna naye alicheka, machozi yakimtoka, akangoja tumalize.

"Mimi nilijua kwa nini haitiki," akasema. "Ilikuwa ni kuwaambia neno moja tu. Nikaona haya mbele ya wauguzi."

Hakuna aliyecheka tena. Akainama, akamfungua baba yake ile tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Nelly wa Kinu akampa kikombe cha chai, akamsogezea kiti.

Asubuhi alikuja kwangu kutumia simu. Ilibidi kutangaza saa ya mazishi, na redio wanataka maneno kabla ya saa tano. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Ethna alisimama ukumbini na karatasi, na sauti ya yule binti wa redioni ilikuwa kubwa, niliisikia hadi jikoni.

"Condy Boyle, wa Bata," akasema Ethna. "Ndiyo. Bata. Huyohuyo ndege."

"Mama," akasema binti wa redioni, "una hakika? Tangazo hili husikika kaunti nzima."

"Ndiyo maana nimekupigia."

Binti akaandika. "Na anayetoa tangazo ni nani?"

Niliacha kukoroga.

"Ethna," akasema. "Wa Bata."

Uji uliungua. Niliuacha.